Watoto Watano wa Corbeil na Joto la Mama

Hakuna habari ipitayo upesi kijijini kuliko habari ya mapacha. Mkunga hajatoka mlangoni, na watu wamekwisha kujua kwamba fulani amejifungua wawili. Vigelegele hulia, na majina yako tayari, maana aliyetangulia ni Kurwa na aliyefuata ni Doto. Lakini bibi zetu waliokwisha kuona mengi hawashangilii upesi. Huingia ndani kwanza, huwatazama watoto, huwagusa nyayo, kisha hutoka wakanyamaza. Wajua kwamba mapacha mara nyingi huja kabla ya siku zao, na nyayo zilizo baridi si dalili njema.

Jambo hili si uchawi wala si kosa la mama. Lina sababu yake. Mfuko wa uzazi hutosha mtoto mmoja hata siku zake zitimie. Wakaapo wawili au watatu, hutanuka mapema, nao ukiisha kutanuka sana huanza kukaza kana kwamba miezi imetimia. Mimba ya mtoto mmoja hutimia kwa majuma yapata 40. Lakini yapata nusu ya mapacha, na katika nchi nyingine zaidi ya nusu, huzaliwa kabla ya juma la 37. Na watoto watatu wa mimba moja huzaliwa mara nyingi karibu na juma la 32 au la 33. Tena bara letu la Afrika halipitwi na bara lingine kwa wingi wa mapacha. Waliochunguza hesabu za nchi zilizo kusini ya Sahara waliona kwamba, katika miaka ya 2009 hata 2014, katika kila mapacha watano mmoja alikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Hatari yao ilikuwa yapata mara tatu ya hatari ya mtoto aliyezaliwa peke yake.

Basi twaona ni vema kuwaeleza jinsi wanadamu walivyojifunza, kidogo kidogo na kwa makosa mengi, kuwalinda watoto hawa. Historia hii yaanzia mbali, Ulaya na Amerika, lakini inarudi mpaka mlangoni petu. Tutakapofika mwisho, msomaji ataona kwamba madaktari walizunguka dunia yote kwa miaka mia moja, wakarudi wakamkuta mama pale pale walipomwacha.

Hapo kale, Ulaya kama huku kwetu, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye leo twamwita njiti, alifunikwa pamba au sufu akalazwa karibu na moto. Nia ilikuwa njema, maana adui wake wa kwanza ni baridi. Chungu kidogo hupoa upesi kuliko chungu kikubwa, na njiti ni chungu kidogo sana. Hana mafuta chini ya ngozi ya kumhifadhi, wala hana nguvu za kutetemeka. Walakini moto wa jiko hauna kipimo. Upande mmoja huungua na upande wa pili hupoa, na usiku mama akishikwa na usingizi moto huzimika. Watoto wengi walikufa hivyo, na watu wakasema, ‘Hakuwa wa kuishi.’

Mjini Paris, katika nchi ya Ufaransa, palikuwa na hospitali ya wazazi iitwayo Maternité. Daktari wake mmoja mkuu, Stéphane Tarnier, hakuridhika na neno hilo. Yapata mwaka 1878 alikwenda kutembea katika bustani ya wanyama, akaona sanduku ambalo mayai ya kuku huanguliwa ndani yake bila kuku, kwa joto la maji ya moto. Akafikiri moyoni, ‘Ikiwa kifaranga aweza kuatamiwa hivi, mbona mtoto wa mtu asiweze?’ Akamwomba aliyelitengeneza, jina lake Odile Martin, amfanyie sanduku kama lile la kulaza watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 masanduku hayo yakaanza kutumika katika Maternité. Kabla yake, katika kila watoto mia waliozaliwa na uzito usiofika kilo 2, walikuwa wakifa 66. Baada yake wakafa 38. Hapakuwa na dawa mpya yo yote. Kilichoongezwa kilikuwa joto lenye kipimo, lisilozimika usiku.

Mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, aliichukua kazi hii akaipeleka mbele. Mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya watoto wanyonyao, na ndani yake alieleza kwamba mtoto dhaifu ana adui watatu: baridi, njaa na maradhi. Kwa hiyo kinga zake nazo ni tatu, yaani joto, maziwa na usafi. Twaomba msomaji ayashike maneno haya matatu kama vidole vitatu vya mkono, maana yote tutakayosimulia baadaye yanashikamana nayo. Tena Budin aliongeza jambo ambalo wengi walilipuuza. Aliwataka mama wakae karibu na watoto wao na kuwanyonyesha, kwa sababu aliona kwamba mama aliyetengwa na mtoto wake siku nyingi hupoa moyo, na wengine hawakurudi kumchukua.

Si wote walioshika neno hilo la mwisho. Alitokea mtu mmoja, Martin Couney, aliyewaweka watoto njiti katika masanduku ya kioo kwenye maonyesho, kwanza Berlin mwaka 1896, kisha Marekani. Huko Coney Island, mahali pa michezo mjini New York, nyumba yake ya njiti ilikuwa wazi kila majira ya joto tangu 1903 hata 1943. Watazamaji walilipa kiingilio, na fedha ile ikawalipa wauguzi. Wazazi hawakutozwa kitu. Tusimhukumu upesi, maana watoto wengi waliokataliwa na hospitali walipona mikononi mwake. Walakini tangu hapo watu walizoea kuona mtoto mdogo akiwa upande mmoja wa kioo na mama yake upande wa pili, wasione ajabu.

Sasa twafika katika nyumba ya Corbeil. Corbeil ni kijiji katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, mahali pa baridi kali na mashamba maskini. Aliishi huko mkulima mmoja mwenye kusema Kifaransa, Oliva Dionne, na mkewe Elzire, mwanamke wa miaka 25, pamoja na watoto wao watano. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Mei 1934 Elzire akashikwa na uchungu, na siku zake zilikuwa bado miezi yapata miwili. Nyumba haikuwa na umeme. Wakunga wawili wa jirani wakaitwa, na daktari wa mashambani, Allan Roy Dafoe, akatumiwa habari. Alipofika, watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzaliwa mikononi mwa wakunga. Akanawa mikono, na kabla hajapumzika akaja wa tatu, kisha wa nne, kisha wa tano. Wote walikuwa wa kike, nao wote watano walitokana na yai moja.

Walipopimwa pamoja hawakufikia ratili 14, yaani kilo 6 na kidogo; mtoto mmoja mwenye afya aliyetimiza siku zake huwa na nusu ya uzito huo peke yake. Mpaka siku ile haikujulikana duniani kwamba watoto watano wa mimba moja wamepata kuishi wote, na daktari mwenyewe hakutumaini. Tazameni basi walichofanya watu wa nyumba ile. Wakawafunga watoto kwa vitambaa vikuukuu, wakaazima kikapu kwa jirani, wakawalaza ndani yake kwa blanketi zilizopashwa moto, wakaweka kikapu mbele ya jiko lililofunguliwa mlango. Wakawapaka mafuta ya zeituni. Wakawapa maji matamu kidogo kidogo kwa tone, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kesho yake wakawahamishia kikapu kikubwa cha nguo, na chupa za maji ya moto pembeni. Hayo yote ni mambo ambayo bibi wa kijiji cho chote angeyafahamu.

Kisha msaada ukaja. Gazeti moja la Chicago likapeleka sanduku la kuatamia la namna ya zamani, lisilohitaji umeme, kwa kuwa masanduku mapya ya siku zile yasingaliweza kufanya kazi katika nyumba ile. Wauguzi wakafika. Maziwa ya mama wanyonyeshao yakaletwa kwa treni kutoka Toronto na Montreal, miji iliyo mbali sana. Na Daktari Dafoe akakataza mtu asiyenawa au mwenye mafua asiwakaribie watoto. Basi joto likawako, na maziwa yakawako, na usafi ukawako, vile vitatu vya Budin. Wote watano, Yvonne, Annette, Cécile, Emilie na Marie, wakaishi. Dunia ilistaajabu, na magazeti yakaiita miujiza. Lakini sisi twaona kwamba ilikuwa kazi ya mikono, tena mikono ya kwanza ilikuwa ya wakunga wa kijiji.

Kama hadithi ingaliishia hapo, tungaliifunga kwa furaha. Walakini haikuishia hapo. Baba yao, akiwa na hofu ya gharama, alitia sahihi maagano ya kuwaonyesha watoto katika maonyesho makubwa ya Chicago, kisha akataka kuyavunja. Kwa sababu hiyo, na kwa kusema kwamba yawalinda watoto, Serikali ya Ontario ikawachukua. Ikajengwa hospitali ndogo ng’ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya wazazi wao, na watoto wakahamishiwa huko kabla ya mwaka wao wa kwanza kwisha. Mwaka 1935 ikatungwa sheria ya kuwaweka chini ya Serikali. Pakafanywa uwanja wa kuchezea wenye ukuta ambao watazamaji waliweza kuchungulia bila kuonekana. Watu karibu milioni 3 walikuja kuwatazama, na fedha nyingi ikaingia katika jimbo lile. Mama yao aliyewazaa aliweza kuiona nyumba yao mlangoni pake, lakini kuwaingilia ilimpasa kufuata taratibu za wengine.

Walirudishwa kwa wazazi mwaka 1943, nao wana miaka tisa. Wazazi na watoto walikuwa wamekuwa wageni wao kwa wao, na nyumba ile haikupata raha. Walipokuwa watu wazima walisema hadharani jinsi maisha yale yalivyowaumiza. Mwaka 1997, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, walizaliwa watoto saba wa mimba moja wakaishi wote. Ndipo dada watatu waliokuwa wamebaki wakawaandikia wazazi wale barua ya wazi, wakiwasihi wasiruhusu watoto wao wageuzwe tamasha wala bidhaa. Mwaka uliofuata Serikali ya Ontario iliwalipa dada hao dola za Kanada milioni 4. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; fedha yaweza kulipa deni, haiwezi kurudisha utoto.

Twasimulia haya kwa sababu kilichotendeka Corbeil kwa makelele kilikuwa kikitendeka kimya kimya katika hospitali nyingi duniani. Masanduku yalizidi kuwa mazuri, na kwa ajili ya hofu ya maradhi mama walizuiwa mlangoni. Mama wa mapacha alirudi nyumbani mikono mitupu, maziwa yake yakakauka, akawaona wanawe kwa dirisha. Tena watu walianza kuamini chombo kupita kiasi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 watoto njiti walipewa hewa ya oksijeni kwa wingi ili wapumue vema, bila kujua kwamba ikizidi huharibu macho ya mtoto ambayo hayajakomaa. Maelfu ya watoto duniani walipofuka. Mwaka 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha sababu, na uchunguzi uliofuata ukathibitisha. Dawa ilikuwa njema, ila kipimo kilikosekana, kama moto wa jiko.

Huenda msomaji atauliza, ‘Je, haikuwezekana kuzuia watoto wasije mapema?’ Swali ni la haki, na madaktari wamelihangaikia sana. Kwa miaka mingi mama mwenye mimba ya mapacha aliambiwa alale kitandani, na hospitali nyingi zilimlaza majuma kadhaa. Kila mtu alidhani yafaa, maana kupumzika ni kuzuri. Hata ilipofanywa hesabu ya kweli mjini Harare, Zimbabwe, na majibu yake yakatolewa mwaka 1985, mambo yalionekana vingine. Wanawake zaidi ya 200 wenye mapacha waligawanywa kwa kura: wengine walilazwa, wengine wakaendelea na maisha yao wakija kupimwa. Waliolazwa hawakuchelewa kujifungua. Wao ndio waliojifungua mapema kwa wingi zaidi. Hivyo desturi ya miaka mingi ilianguka, na uchunguzi mmoja wa kuiangusha ulifanywa katika hospitali ya Afrika. Kushona mlango wa mfuko wa uzazi, na kuchoma sindano za kutuliza mimba, navyo vimejaribiwa kwa mapacha kwa jumla, wala havikuleta faida iliyotumainiwa.

Msaada mwingine ulipatikana mahali pasipotazamiwa, katika zizi la kondoo. Huko Auckland, New Zealand, Daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kwa nini kondoo hushikwa na uchungu. Mwaka 1969 alieleza kwamba wana-kondoo waliozaliwa mapema sana, baada ya kutiwa dawa fulani wangali tumboni, waliweza kupumua, ilhali ilipasa mapafu yao yawe bado. Pamoja na Daktari Ross Howie akaijaribu dawa ya jamii ile kwa wanawake waliokaribia kuzaa mapema, na mwaka 1972 wakatoa habari kwamba watoto wao waliokoka zaidi. Ni sindano chache tu apewazo mama kabla ya kujifungua, nazo huyakomaza mapafu ya mtoto kwa siku moja au mbili. Walakini ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya dawa hii kuenea.

Hapa nako pana onyo. Mwaka 2015 yalitolewa majibu ya jaribio kubwa katika nchi sita, mojawapo Kenya, ambamo dawa hii ilitolewa hata mahali ambapo umri wa mimba haukujulikana vema, wala hapakuwa na matunzo ya kutosha kwa njiti. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka badala ya kupungua. Lakini mwaka 2020 jaribio jingine, lililofanywa katika hospitali zenye vipimo na matunzo katika nchi tano, Kenya ikiwamo, lilionyesha kwamba vifo vilipungua. Kwa hiyo ni lazima umri wa mimba ujulikane, na mama awe hospitalini panapostahili. Mama wa mapacha asiyefika kliniki mapema huikosa nafasi hiyo, kwa kuwa siku ya uchungu hakuna awezaye kuhesabu miezi yake kwa hakika.

Sasa turudi kwa mama. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kulikuwa na hospitali ya wazazi maskini ambayo masanduku yake hayakutosha. Watoto wawili, na hata zaidi, walilazwa katika sanduku moja, wakaambukizana maradhi, na wengi wakafa. Na mama wengine, waliotengwa na watoto wao, waliwaacha huko. Daktari Edgar Rey Sanabria akaona kwamba chombo cha kuatamia kiko tele, nacho hakihitaji umeme wala mafuta ya taa. Akaagiza mtoto avuliwe nguo, avikwe kofia na winda, awekwe wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi katikati ya maziwa, na kufungwa kwa kitambaa. Mwenzake, Daktari Héctor Martínez, akaiendeleza kazi hiyo. Wakaiita kwa jina la kangaruu, mnyama wa Australia amchukuaye mwanawe katika mfuko wa tumboni. Sisi tulio na mbeleko tungaliweza kuiita mbeleko ya mbele.

Tazameni jinsi vile vitatu vinavyokutana kifuani pale. Joto la mama lina kipimo chake, wala halizimiki usiku. Maziwa yako karibu, na mguso wa mtoto huyaita yatoke. Tena vijidudu vya mama si vikali kama vile vitembeavyo kati ya watoto wengi waliorundikwa pamoja, na maziwa yake humpa mtoto kinga. Mapacha nao hawakosi mahali: wawili waweza kufungwa kifuani pamoja, mmoja kila upande, au mmoja akakaa kwa mama na wa pili kwa baba au bibi, wakipokezana. Hapo baba huacha kuwa mgeni katika nyumba ya uzazi.

Kwa muda mrefu wakubwa wa hospitali walisema, ‘Njia hii ni ya maskini; na hata hivyo, mtoto atulie kwanza katika sanduku, ndipo apewe mama.’ Swali hilo likajibiwa katika hospitali tano, nne za Afrika na moja ya India, na mojawapo ni Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam. Watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa tangu kilo 1 hata pungufu kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa kwa kura. Wengine walitulizwa kwanza kwa vyombo. Wengine waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, mama akilazwa katika chumba kile kile cha watoto wagonjwa, na madaktari wakiwatunza wote wawili pamoja. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Katika kila mia, wale wa kwanza walikufa yapata 16 kabla ya siku 28; wale wa kifuani walikufa 12. Tofauti ilikuwa wazi hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kumnyima mtoto ye yote kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliagiza njia hii ianze mara mtoto azaliwapo. Hivyo lile neno la Budin lililopuuzwa lilithibitishwa, na mama wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa mashahidi wake.

Tusidhani kwamba twavidharau vyombo. Mwaka huo huo wa 2021, mama mmoja wa Mali, Halima Cissé, alionekana ana mimba ya watoto wengi mno. Serikali yake ikampeleka Moroko, madaktari wakamtunza majuma kadhaa wakiishikilia mimba mpaka juma la 30, na mwezi wa Mei akajifungua watoto tisa, wa kike watano na wa kiume wanne. Wote waliishi, wakarudi kwao mwaka 2022. Watoto wale wasingaliokoka bila masanduku, bila vyombo vya kupumulia, na bila watu wengi walio hodari. Mtoto wa nusu kilo ahitaji chombo na mama pia; pasiwe na kugombana kati ya viwili hivyo.

Basi, wasomaji, historia hii yatuagiza nini sisi tulio vijijini? Kwanza, mama aonaye tumbo lake limekua kupita miezi yake aende kliniki mapema, apigwe picha ya tumbo. Itajulikana kama ni wawili, na kama wana kondo moja au mbili, maana wenye kondo moja huhitaji kuangaliwa zaidi. Pili, mapacha wasizaliwe nyumbani. Nauli itengwe mapema, na chombo cha kumpeleka mama kijulikane kabla ya usiku wa haja. Tumbo likikaza mara kwa mara kabla ya siku, au maji yakitoka, au damu, asingoje kukuche. Tatu, ikiwa watoto wamemzidi njiani, wapanguswe wakauke, wasiogeshwe, wawekwe kifuani ngozi kwa ngozi na kofia kichwani, wafunikwe juu, na safari ya kwenda hospitali iendelee. Chupa ya moto na makaa huunguza, kifua hakiunguzi. Nne, asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa ya mama yake, na mwuguzi aonyeshe jinsi ya kumpa kwa kikombe kidogo au kwa mpira. Haba na haba hujaza kibaba. Tano, anayemshika anawe mikono, na wageni wa vigelegele wangoje nje.

Na waume tuna neno letu. Mama wa mapacha njiti hawezi kukaa majuma kifuani na watoto wawili, kisha akapika, akateka maji na kulima. Kijiji kilichopiga vigelegele kilete na kuni. Usiku ule wa Corbeil jirani alitoa kikapu. Kwetu jirani aweza kutoa ndoo ya maji, au uji, au kifua chake mwenyewe kwa saa mbili mama apate usingizi. Tukifanya hivyo, bibi zetu watakapoingia ndani kumgusa Kurwa na Doto nyayo, watazikuta zina joto, nao watatoka wakishangilia pamoja nasi.